Kaya moja moja, kikundi cha hisa au mkopo wa halmashauri? Ulinganisho kwa kata za Mtwara na Lindi

Asasi ndogo, parokia, msikiti au ofisi ya kata ikipata fedha kidogo za kusaidia kaya masikini zijitegemee, hujikuta na njia tatu mbele yake. Kumwajiri mtu wa kuzifuata kaya nyumbani kwao, kila moja na mpango wake. Kuziunga kwenye vikundi vya hisa, yaani vya kuweka na kukopa. Au kuzisaidia kuomba mkopo wa halmashauri usio na riba, unaoitwa wa asilimia 10 kwa kuwa hutoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani. Njia zote tatu zinafanya kazi huku kusini. Kinachoharibu ni kuchagua njia kwa kuwa mfadhili anaipenda, bila kuangalia ni kitu gani hasa kimeifunga kaya.

Msimamo wetu ni huu. Kaya yenye matatizo yaliyosongamana (nyaraka hazipo, kuna mgonjwa, kuna deni, mtoto kaacha shule) ianze na usimamizi wa shauri, yaani kufuatwa na mtu mmoja anayeijua. Kaya ambayo mambo yake yamekaa sawa ila haina mtaji iende kwenye kikundi. Mkopo uje mwisho, kwa kikundi kilichokwisha kumaliza mzunguko mzima wa hisa (kuweka, kukopeshana na kugawana) kikiwa kimoja.

Maswali manne kabla ya kuchagua

Robo saa inatosha kujua kaya iende wapi. Je, mkuu wa kaya ana namba ya NIDA na laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake mwenyewe? Je, korosho au ufuta wa msimu ujao umeshauzwa kwa kangomba, yaani umechukuliwa na mchuuzi kwa bei ya shida kabla ya kuvunwa? Je, kuna mtu anayeuguzwa nyumbani? Na je, kuna mtu mwenye nguvu ya kufanya kazi angalau siku tatu kwa wiki?

Majibu mawili mabaya au zaidi, kaya hiyo usiipeleke kikundini kwanza. Itanunua hisa wiki nne, itakosa ya tano, italipa faini, kisha itaacha kuja. Wenzake watasema ni mvivu, na mwaka unaofuata hakuna kikundi kitakachoipokea.

Swali la deni huwa halijibiwi siku ya kwanza. Mtu hasemi mbele ya mgeni kwamba ameshakula korosho za Oktoba mwezi wa saba. Uliza kwa mlango wa pembeni: mwaka jana ulipeleka kilo ngapi chama cha msingi cha ushirika? Mwenye mikorosho thelathini inayozaa akikujibu kwamba hakupeleka hata gunia, jibu umeshalipata.

Kufuata kaya moja moja

Hii ndiyo njia ya gharama kubwa zaidi kwa kaya, na ndiyo pekee inayozifikia kaya za chini kabisa. Asili yake ya karibuni inajulikana. Mwaka 2002 shirika la BRAC la Bangladesh lilianza kuzipa kaya fukara mali ya kuzalisha, posho ya kula kwa muda, mafunzo, na mtu wa kuzitembelea nyumbani mara kwa mara kwa takriban miaka miwili. Mpango wa namna hiyo ukajaribiwa katika nchi sita, zikiwemo Ghana na Ethiopia, na matokeo ya jumla yaliyochapishwa 2015 yalionyesha kaya zilizosaidiwa ziliendelea kuwa na hali nzuri kuliko ambazo hazikusaidiwa, hata mwaka mmoja baada ya msaada kwisha. Mbuzi peke yake, bila mtu wa kufuatilia, mara nyingi huishia sokoni au kwenye sufuria.

Kazi yenyewe ina hatua sita: kuitambua kaya, kuitathmini, kuandika mpango pamoja nayo, kuiunganisha na huduma, kufuatilia, na kufunga shauri. Kwenye makaratasi zinaonekana nyepesi. Hebu tuangalie hatua ya tatu kwa karibu, maana hapo ndipo kazi nyingi huharibika.

Mpango wa kaya uwe ukurasa mmoja. Malengo yasizidi matatu, na kila lengo liandikwe nani atafanya nini na lini. Chukua kaya ya mfano huko Nanyamba: bibi anayelea wajukuu wawili, ana mikorosho michache, yumo kwenye orodha ya TASAF, mfuko wa serikali unaozilipa kaya masikini, lakini malipo yake ya simu hayaingii. Lengo la kwanza si biashara. Ni jina. Kwenye kitambulisho ameandikwa Sulemani, kwenye orodha ni Selemani, na laini imesajiliwa kwa jina la kijana wake aliyehamia Dar. Kwa hiyo ukurasa utasomeka hivi: ndani ya wiki mbili, msimamizi atampeleka bibi kusajili laini kwa alama zake za vidole, ndani ya wiki nne, barua ya mtendaji wa kijiji ya kuthibitisha jina ifike kwa mratibu wa TASAF wilayani, bibi atatunza karatasi zote kwenye bahasha moja ya plastiki. Lengo la pili: cheti cha kuzaliwa cha mjukuu aliye chini ya miaka 5, ambacho hutolewa bila malipo ofisi ya kata au kituo cha afya. Lengo la tatu, kuku watano na banda, lisiguswe kabla malipo hayajaingia mara mbili mfululizo.

Anayeanza na kuku huwa anataka picha ya ripoti.

Rufaa ndiyo mahali pa pili panapovuja. Msimamizi anaandika karatasi, mama anaipeleka zahanati au kwa afisa ustawi wa jamii, habari inaishia hapo. Tumia karatasi yenye sehemu mbili. Ya juu inabaki ofisi iliyompokea, ya chini inarudi na sahihi, tarehe na neno moja la kilichofanyika. Sehemu ya chini isiporudi ndani ya siku 14, msimamizi anakwenda mwenyewe.

Msimamizi mmoja mwenye pikipiki asipewe kaya zaidi ya 25. Hesabu ni hii: miezi mitatu ya kwanza kila kaya inatembelewa mara mbili kwa mwezi, yaani ziara 50. Vijiji vya huku vimetawanyika na mchanga wa barabara za ndani unakula muda, kwa hiyo ziara nne kwa siku ni nyingi tayari. Hizo ni siku 12 hadi 13, na siku zinazobaki ni za ofisi: NIDA, shule, zahanati, benki, chama cha msingi. Ukimpa kaya 60 atageuka mjaza fomu. Kuanzia mwezi wa nne ziara moja kwa mwezi inatosha, na baada ya mwaka moja kila miezi miwili.

Gharama piga kwa bei za kwenu. Kwa mfano tu: posho 200,000 kwa mwezi, mafuta na matengenezo 120,000, vocha na karatasi 20,000, na 60,000 za nauli na ada ndogondogo za nyaraka za kaya. Jumla 400,000. Kwa kaya 25 ni shilingi 16,000 kwa kaya kila mwezi, na kwa miezi 18 ni 288,000. Wengi hukata ile 60,000 wakidhani ni anasa, kumbe ndiyo inayomfikisha bibi kwenye alama za vidole.

Ratiba nayo ifuate shamba. Januari hadi Machi ni palizi, na kwa wakulima wa ufuta wa Liwale, Nachingwea au Kilwa familia nzima inaweza kuwa inalala dunguni, mbali na kijiji. Ukipanga tathmini wakati huo utakuta milango imefungwa, na ripoti itasema kaya hazitoi ushirikiano. Ukanda wa pwani wanawake wa mwani huenda na maji: ziara ipangwe kwa bamvua na maji mafu, si kwa saa za ofisi.

Jambo jingine ni jando na unyago. Msimamizi anayemwambia mama aache kumcheza mwali kwa sababu ni matumizi mabaya amejifungia mlango mwenyewe. Shughuli hiyo iandikwe kwenye mpango kama matumizi mengine: itakuwa lini, itagharimu kiasi gani, ndugu wa ukoo watachangia nini. Ikishaandikwa, haiji tena kama dharura ya kuuza korosho mtini.

Hofu ya kupanda

Hapa kuna somo zuri kutoka Marekani. Huko wapo wapangaji wa nyumba za umma ambao kodi yao kwa kawaida ni asilimia 30 ya kipato cha kaya. Kipato kikipanda, kodi inapanda. Mtu anajiuliza kuna faida gani kuongeza kazi. Tangu 1990 kuna mpango wa kujitegemea kwa familia, unaoendeshwa na mamlaka za nyumba chini ya wizara ya nyumba ya huko, wenye mratibu anayeifuata familia na mkataba wa miaka mitano. Ujanja wake uko kwenye akaunti. Kipato cha kazi kikipanda kwa dola 500 kwa mwezi, kodi itaongezeka kama dola 150, lakini kiasi kinacholingana na ongezeko hilo kinawekwa na mamlaka kwenye akaunti ya akiba ya familia. Mwaka mzima ni dola 1,800. Familia ikitimiza masharti ya mkataba, fedha ni zake. Ikishindwa, kwa kawaida inazikosa.

Sisi hatuna nyumba za umma za namna hiyo kwa masikini, lakini hofu tunayo, sura yake tu ni nyingine. Kaya inayolipwa na TASAF inaogopa kuezeka bati, inaogopa kuonekana na baiskeli mpya, isije ikaondolewa kwenye orodha. Wapo wanaoacha bati kwa jirani kwa miezi. Kikundi au mkopo hauigusi hofu hiyo, kwa sababu haizungumzwi mkutanoni. Msimamizi wa shauri anaweza kuizungumza akiwa amekaa kwenye mkeka. Aeleze wazi kwamba kuhitimu, yaani kutoka kwenye orodha, kupo na siku moja kutafika, kisha aiandae kaya kwa siku hiyo: akiba ya miezi mitatu ya chakula, chanzo cha pili cha kipato kisichotegemea msimu mmoja, na nyaraka zote mkononi. Asiahidi kwamba kaya haitaondolewa. Ahadi hiyo si yake kuitoa.

Kwa kaya zilizo ndani ya mpango wa TASAF, angalia pia kisirudiwe kilichopo. Malipo huja kila miezi miwili, ajira za muda hutoa hadi siku 60 za kazi kwa mwaka, na kwenye kukuza uchumi wa kaya kuna mafunzo, mpango wa biashara na ruzuku ya uzalishaji. Kazi ya msimamizi hapo ni kuhakikisha ruzuku ikifika inakuta kaya imetulia, haina mchuuzi anayeisubiri mlangoni.

Kikundi cha hisa

Kwa kaya iliyo tayari, kikundi ni rahisi na hakina mwisho wa mradi. Wanachama 15 hadi 25, sanduku la chuma lenye makufuli matatu, funguo kwa watu watatu wasiokaa nyumba moja, daftari la kila mwanachama na muhuri wa hisa. Kila mkutano mtu ananunua hisa moja hadi tano. Kuna mfuko wa jamii pembeni kwa ugonjwa na msiba. Mikoa hii ina uzoefu wa siku nyingi; Aga Khan Foundation, kwa mfano, ilieneza vikundi vya aina hii Lindi na Mtwara, na wahasibu wazuri wa sanduku hawakosekani vijijini.

Hesabu: watu 20, hisa ya 1,000, wastani wa hisa mbili kwa wiki, wiki 40. Ni 1,600,000 kabla ya faida. Gharama kwa msaidizi ni sanduku, vifaa na mkufunzi wa mzunguko mmoja, kisha kikundi kinajiendesha.

Mambo matatu huamua kama masikini atafaidika humo au ataliwa. Kwanza bei ya hisa. Ipangwe na mwenye uwezo mdogo kuliko wote, kwa kiasi anachoweza mwezi wa Machi, si Novemba wakati fedha za korosho zimeingia. Pili riba. Vikundi vingi hupenda asilimia 10 kwa mwezi kwa kuwa faida inaonekana nono siku ya kugawana. Lakini anayekopa mara nyingi ndiye asiye na kitu, na faida hiyo inakwenda zaidi kwa mwenye hisa nyingi. Shikilia 5.

Tatu tarehe ya kuvunja, yaani siku ya kugawana akiba na faida. Hapa wengi hufuata Desemba kwa mazoea ya sikukuu. Kwa ukanda wa korosho, anza mzunguko Oktoba mnada unapoanza, watu wanunue hisa tano tano msimu ukiwa wazi, kisha kivunjwe Agosti. Julai hadi Septemba ndipo mchuuzi wa kangomba anapopita na noti mkononi, na mwanachama mwenye mgao wake hana sababu ya kumsikiliza. Kwa wakulima wa ufuta geuza: mauzo yao huangukia katikati ya mwaka, hivyo mgao wa Januari, kwa palizi na sare za shule, unawafaa zaidi.

Udhaifu mkubwa wa kikundi ni kwamba watu huchaguana. Mjane asiye na shamba, mwenye ulemavu asiyetembea mbali, kijana aliyetoka jela, hawa hawaitwi. Usikilazimishe kikundi kuwapokea. Watapokelewa siku ya ufunguzi tu. Msimamizi amwandae mtu miezi sita, aje na hisa zake tatu mkononi na simu yenye jina lake.

Na usajili usisahauliwe. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, vikundi vya kijamii vya fedha vinatakiwa kusajiliwa, na kazi hiyo kwa vikundi vidogo hufanyika kupitia halmashauri. Kikundi kisichosajiliwa kikigombana, hakina pa kushitaki.

Mkopo wa asilimia 10

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Hauna riba. Ulisimamishwa Aprili 2023, ukarejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya, ambapo halmashauri 10 za majaribio zilipangiwa kutumia benki, Mji wa Newala ikiwa mojawapo. Njia ya kuingilia ni afisa maendeleo ya jamii wa kata: katiba, muhtasari wa kikao, usajili, akaunti ya benki ya kikundi, andiko la biashara, kisha kamati.

Kwa kiasi cha fedha, mkopo unaipita njia ya kwanza na ya pili kwa mbali. Kwa usalama wa kaya masikini ni wa mwisho. Marejesho ni ya kila mwezi, wakati kipato cha mkulima wa huku ni cha msimu. Biashara isiyozungusha fedha kila wiki (samaki wakavu, mama lishe, ushonaji, kubangua korosho kwa oda) itakwama mwezi wa tatu. Kikundi kilichozaliwa kwa ajili ya mkopo hugawana fedha siku ileile, kila mtu kivyake, na aliyebaki kijijini ndiye anayedaiwa. Wapo wanaowaza kununua korosho ghafi kwa wakulima ili waziuze baadaye. Kununua hivyo nje ya mnada nako ni kangomba, ni kosa, na fedha ya serikali haiwi kinga.

Kuna kasoro isiyosemwa sana. Mapato ya ndani ya halmashauri nyingi za huku yanategemea ushuru wa mazao. Msimu ukiwa mbaya, mfuko wa mikopo nao unapungua, mwaka uleule ambao kaya zinauhitaji zaidi. Kwa hiyo mkopo usiwe nguzo ya mpango wa kaya hata moja.

Ukiwa na fedha ya njia moja tu

Kwenye kata ambayo vikundi vimejaa, usianzishe kingine. Mwajiri msimamizi mmoja, mpe kaya 25 zilizoachwa nje, na lengo lake lipimwe kwa idadi ya kaya zilizoingia kikundini na bado zimo baada ya miezi sita. Kwenye kata ambayo hakuna vikundi na kaya nyingi zina nyaraka na nguvu ya kazi, weka fedha kwenye mkufunzi wa hisa. Fedha ya kusaidia andiko la mkopo itoe tu pale ambapo kikundi kimemaliza mzunguko na daftari lake linasomeka.

Ukimwajiri msimamizi, asiwe mtoto wa mwenyekiti wa kijiji wala ndugu wa kaya anazozifuata, asibebe fedha taslimu za kaya, na mafaili yatumie namba badala ya majina, ndani ya kabati lenye kufuli. Wasimamizi wazuri huondoka. Ajira za msimu wa korosho tu zinawachukua. Siku ya kuondoka apite na mrithi wake kaya zote 25, mlango kwa mlango, mpango ukisomwa mbele ya mwenye nyumba. Shauri lifungwe tu pale malengo matatu yametimia na kaya imepita msimu mmoja wa njaa, Januari hadi Aprili, bila kuuza korosho au ufuta ulioko shambani. Likishafungwa, mtembelee mara mbili zaidi, baada ya miezi sita na baada ya kumi na miwili, na moja ya ziara hizo iangukie Agosti.